Jinsi ya kupanga njia za watu na mahali pa kukutania katika jengo kubwa la ofisi

Jengo la ofisi lenye watu mia tano na kuendelea lina kazi mbili zinazovutana. Asubuhi na mchana linatakiwa lipitishe umati kwa dakika chache bila foleni. Saa zilizobaki linatakiwa liwakutanishe watu wa idara mbalimbali bila mtu kuitisha kikao. Kazi zote mbili zinaamuliwa na mahali njia zinapopita na zinapokatana. Kochi lililowekwa kwenye kona asikopita mtu hubaki jipya mpaka siku linauzwa. Ndiyo maana hapa tunaanza na hesabu na njia, na samani zinakuja nyuma kabisa.

Namba zilizomo humu ni za kuanzia usanifu. Kanuni za ujenzi na za zimamoto za mahali jengo lilipo ndizo zenye neno la mwisho, hasa kwa ngazi za dharura, upana wa milango na umbali wa kufika penye usalama.

1. Hesabu kabla ya kuchora

Kama shirika lina jengo linalotumika sasa, hesabu huko kwanza. Weka watu mlangoni, kwenye lifti na kwenye makutano makuu ya korido, kuanzia saa moja na nusu hadi saa tatu na nusu asubuhi, kisha saa sita hadi saa nane mchana, kwa siku tatu za katikati ya wiki. Andika idadi kwa vipande vya dakika 5. Ukijumlisha kwa saa nzima, kilele kinafichika: watu 360 kwa saa wanaonekana wachache, lakini 120 kati yao wakiingia ndani ya dakika 5 zilezile, foleni imeshazaliwa.

Sambamba na hilo fanya mizunguko. Mtu mmoja anatembea ghorofa nzima kila nusu saa akiwa na ramani mkononi, anatia alama kila alipo mtu na anachofanya: ameketi, amesimama, anatembea, anaongea. Ukikusanya mizunguko kumi hivi juu ya karatasi moja, utaona mambo ambayo dodoso halisemi. Mara nyingi mazungumzo yamejaa mlangoni pa chumba cha printa, na ile sebule iliyogharimu fedha nyingi haina hata alama moja.

Ikiwa baadhi ya wafanyakazi hufanya kazi nyumbani, usisanifu kwa wastani wa wiki. Sanifu kwa siku yenye watu wengi zaidi, maana lifti haziujui wastani.

2. Amua nani akae karibu na nani

Tengeneza jedwali ambalo kila idara inaipa kila idara nyingine alama: 3 kwa wanaohitaji kuonana kila siku, 2 kila wiki, 1 kila mwezi, 0 kwa wasiohitajiana. Alama zikipishana sana, kwa mfano huku 3 na kule 1, usichukue wastani. Kaa na pande zote mbili uwasikilize. Kwa kawaida aliyeandika 3 ndiye anayesubiri kazi ya mwenzake, na mwenzake hajui kwamba anasubiriwa. Wawili hao ndio wa kuwekwa karibu kuliko wote.

Wenye 3 wawekwe ghorofa moja, ndani ya mita 30 za kutembea. Thomas Allen wa MIT, chuo kikuu cha teknolojia huko Marekani, aliyechunguza mawasiliano ya wahandisi na watafiti katika miaka ya 1970, alionyesha kwamba kadiri meza zinavyoachana ndivyo watu wanavyozidi kutoongea, na umbali ukifika mita 50 hivi mazungumzo ya mara kwa mara yanakaribia kwisha. Pima umbali kwa kufuata korido na milango. Meza mbili zinazotenganishwa na ukuta mmoja zinaweza kuwa mita 4 kwenye ramani na mita 60 kwa miguu.

Tofauti ya ghorofa ni kali zaidi ya umbali. Ukiwa bado na uhuru wa kuchagua umbo la jengo, ghorofa nne pana zinawaunganisha watu kuliko ghorofa kumi na mbili nyembamba zenye eneo lilelile. Kama kiwanja hakiruhusu, hatua ya 6 ndiyo ya kutilia mkazo.

3. Tafuta njia kuu kwa rula

Chukua ramani ya ghorofa na rula. Chora mistari mirefu iliyonyooka ambayo mtu anaweza kuifuata bila kukata kona, michache iwezekanavyo, hadi kila njia iwe imeguswa na mstari. Ipe mistari namba. Kisha kwa kila mstari jiulize: kufika kwenye kila mstari mwingine nakata kona ngapi? Mstari unaokatana nao moja kwa moja ni 1, unaofuata ni 2, na kuendelea. Jumlisha. Mstari wenye jumla ndogo kuliko yote ndio ambao watu wengi watajikuta wanaupita, hata kama hukuupanga uwe hivyo.

Mbinu hii ilikuzwa na Bill Hillier na wenzake katika University College London. Kuna programu za kompyuta zinazoifanya, lakini ghorofa yenye mistari 15 au 20 inamalizika kwa karatasi kwa nusu siku, tena unaielewa vizuri zaidi ukiifanya kwa mkono.

Linganisha matokeo na matarajio yako. Kasoro mbili hujirudia. Ya kwanza, mstari wenye jumla ndogo unapita nyuma ya vyoo na mashimo ya lifti, mahali penye giza, huku ukumbi mzuri wenye madirisha ukiwa kona tatu mbali. Dawa yake ni kuhamisha mlango au kutoboa ukuta mmoja, sasa hivi likiwa bado ni suala la kufuta kwa kifutio. Ya pili ni mlango wa kadi. Mlango usiofunguka kwa kila mtu ni ukuta kwa wasio na ruhusa, kwa hiyo rudia hesabu ukiwa umeukata mstari hapo. Maofisa usalama huongeza milango hii mwishoni, ramani ikiwa imeshapitishwa, na mlango mmoja unatosha kuligawa jengo vipande viwili visivyoonana. Wakaribishe mezani tangu mwanzo.

4. Mlango, mageti ya kadi na lifti

Hapa hakuna nafasi ya kubahatisha. Tuchukue mfano wa jengo lenye ghorofa 12 juu ya ile ya chini, watu 100 kila ghorofa, jumla 1,200. Kwa ofisi, kipimo cha kawaida cha asubuhi ni lifti ziweze kubeba asilimia 12 hadi 15 ya watu wote ndani ya dakika 5. Tukianza na 12, ni watu 144, yaani kama 29 kwa dakika.

Geti moja la kadi linapitisha watu 20 hadi 25 kwa dakika ikiwa kadi zinasoma vizuri. Kwa wastani mawili yangetosha, lakini watu hawaji kwa wastani. Wanashuka kwa mafungu kutoka kwenye usafiri, na dakika mbaya inaweza kuleta watu 45. Weka matatu, na la nne pana lenye nafasi ya sentimita 90 kwa kiti cha magurudumu, mizigo na wageni. Acha angalau mita 6 kati ya mageti na milango ya lifti. Zikikaribiana, foleni ya lifti inarudi nyuma mpaka getini na mageti yanaziba ingawa ni mazima.

Sasa lifti zenyewe. Lifti ya kilo 1,275 imeandikwa watu 17, kila mmoja kilo 75. Kiuhalisia huondoka na watu kama 12, kwa sababu wana mabegi na hawapendi kubanana. Hesabu kwa 12.

Watu 12 wakielekea ghorofa 12 zenye idadi sawa ya watu, lifti itasimama wastani wa mara 12 × (1 − (11/12) kwa kipeo cha 12), yaani 7.8, na itapanda hadi karibu ghorofa ya 11.5 kabla ya kugeuka. Kimo cha ghorofa kikiwa mita 3.9 na mwendo mita 2.5 kwa sekunde, kila ghorofa inachukua sekunde 1.56. Kila kusimama (kupunguza mwendo, milango kufunguka na kufunga, kuondoka tena) hula kama sekunde 8 za ziada. Kila mtu huchukua sekunde 1 kuingia na 1 kutoka. Mzunguko mzima wa lifti moja unakuwa:

- safari ya kwenda na kurudi: 2 × 11.5 × 1.56 = sekunde 36
- kusimama, pamoja na chini: 8.8 × 8 = sekunde 70
- kuingia na kutoka: 2 × 12 × 1 = sekunde 24

Jumla sekunde 130. Kwa dakika 5 lifti moja inabeba watu 27 hadi 28. Lifti tano zinabeba 138, hazifiki 144. Sita zinabeba 166, na inaondoka moja kila sekunde 22 hivi. Chukua sita. Siku moja ikiwa kwenye matengenezo unabaki na 138, pungufu kidogo tu ya mahitaji.

Tazama tena mistari ile mitatu, maana ndiyo inayokuambia fedha iende wapi. Muuzaji atakupendekezea lifti za kasi ya mita 4 kwa sekunde. Zitaokoa sekunde zisizozidi 14, tena kati ya ghorofa zinazofuatana hazifikii kasi hiyo kabisa. Kikubwa ni kule kusimama. Milango inayofunga sekunde moja mapema inaokoa karibu sekunde 9 kwa mzunguko. Mfumo unaomtaka mtu abonyeze ghorofa yake kabla ya kuingia, kisha ukawaweka pamoja waendao ghorofa zilezile, ukishusha vituo kutoka 7.8 hadi 5 unaokoa sekunde 22, na lifti tano zinafanya kazi ya sita. Ila una gharama zake: wageni huupata kwa shida, faida yake hupungua mchana watu wanapopanda na kushuka kwa pamoja, na wenzako wawili waliokuwa katikati ya mazungumzo hutumwa lifti tofauti.

Nafasi ya kusubiria ipimwe vilevile. Watu 29 kwa dakika wakisubiri sekunde 25, wakati wowote wamesimama kama 12. Panga kwa 30, kila mmoja mita za mraba 0.7, upate 21. Lifti tatu zikitazamana na tatu, katikati mita 3.5, kwenye urefu wa mita 7 hivi, inatosha. Usipange lifti zaidi ya nne kwenye mstari mmoja, kwa sababu aliyesimama mwisho hawahi mlango unaofunguka upande wa pili.

5. Korido

Mtu wa kawaida hutembea kama mita 1.3 kwa sekunde na hukaa sentimita 15 hadi 20 mbali na ukuta. Kwa hiyo korido ya mita 1.5 ina mita 1.1 au 1.2 tu zinazotembewa: watu wawili wanapishana, wa tatu anasubiri. Njia kuu iwe mita 1.8 hadi 2.4. Viti viwili vya magurudumu hupishana kwenye mita 1.8, na kimoja huhitaji duara la kipenyo cha mita 1.5 kugeuka. Njia ndogo kati ya meza zisishuke chini ya mita 1.2.

Watu wawili wakisimama kuongea wanakula kama mita 1 ya upana. Kwenye mita 1.5 wamefunga njia, na baada ya kuombwa kupisha mara mbili wataagana. Kama unataka mazungumzo yadumu, tengeneza vidaka vya kina cha mita 1.2 na urefu wa mita 2 au zaidi pembeni mwa njia kuu, vyenye rafu ya kuegemea ya kimo cha mita 1.05 hivi. Usiweke viti. Anayesimama anaona ni mapumziko mafupi na hasiti kusimama. Anayekaa anahisi ameonekana akizembea.

Milango ya vyumba isifunguke kuingia njiani. Irudishe ndani ya kidaka chake. Kona kali ambako mtu haonekani mpaka awe mbele yako, ikate mshazari au iwekee kioo cha kuonea upande wa pili kuanzia kimo cha mita 1. Hapo ndipo kahawa humwagika.

6. Ngazi ya wazi

Ngazi za dharura zilizofungwa ndani ya kuta hazikutanishi mtu. Ngazi ya wazi kati ya ghorofa mbili au tatu hufanya hivyo, endapo mtu akitoka kwenye lifti anaiona bila kugeuza kichwa, na inaanzia na kuishia kwenye njia kuu ya hatua ya 3. Ikifichwa nyuma ya mlango, hata iwe ya kifahari, watu watabonyeza lifti kwenda ghorofa moja.

Kwa kimo cha mita 3.9 tumia vidato 24, kila kimoja milimita 162.5, na sehemu ya kukanyagia milimita 300. Mara mbili ya kimo ukijumlisha kanyagio ni 625, ndani ya 600 hadi 640 ambapo mguu haujikwai. Gawanya mikondo miwili ya vidato 12. Upana uwe mita 1.5 au zaidi ili wawili wapande wakiongea na wa tatu ashuke, na ile sehemu bapa ya katikati ipanue hadi mita 1.8 au zaidi, kwa kuwa hapo ndipo watu husimama.

Tundu linalounganisha ghorofa ni bomba la moshi. Mhandisi wa moto aitwe kabla tundu halijachorwa, kwa sababu mapazia ya moshi, vinyunyizio vya maji au milango ya kujifunga hubadilisha umbo lote. Usiihesabu ngazi hii kama ya kutorokea mpaka yeye aseme.

Na asiyeweza kupanda ngazi? Lifti moja ifunguke palepale ngazi inapofika. Ikiwa mita 40 mbali, unamtenga kila siku na mikutano yote isiyo rasmi ya wenzake.

7. Vivutio: maji, chai, printa, vyoo

Watu huacha meza kwa ajili ya vitu vichache, na hivyo ndivyo unavyovipanga kama chambo. Sehemu moja ya chai kwa watu 50 hadi 80 ni mwanzo mzuri, iwekwe mpakani mwa idara mbili zenye alama 2 katika jedwali lako. Wenye 3 wataonana tu. Hawa wa 2 ndio wanaohitaji kusukumwa. Ukiweka sehemu za chai nyingi, kila kikundi kitakunywa peke yake. Ukiweka chache mno, mtu akilazimika kwenda zaidi ya mita 40 ataleta chupa yake na hutamwona tena.

Meza ya chai ifikiwe kutoka pande mbili. Yenye mlango mmoja humilikiwa na kundi lililowahi. Mashine ya kahawa inayochukua sekunde 40 ni bora kuliko ya sekunde 10, maana wawili wanaosubiri huongea. Lakini mashine moja ikihudumia watu 150, wote wakaja saa nne, ni kero tupu.

Njia ya vyooni ipite karibu na kivutio, ila mlango wa choo usitazame meza ya chai. Watu hawapendi kuonekana wakiingia na hawatakaa hapo.

Vyumba vya mikutano vina tabia yake. Vyumba sita vya watu 10 vikiachia saa ileile, watu 60 wanamwagika koridoni kwa dakika mbili na 60 wengine wanaingia. Vitawanye pande mbili za ghorofa, acha mita 2.4 mbele ya milango yao, na weka mfumo wa kuhifadhi vyumba ufunge vikao dakika 5 kabla ya saa kamili.

8. Linda waliokaa

Makosa ya gharama kubwa hufanyika hapa. Mtu anasoma kwamba kukutana ni kuzuri, anabomoa kuta zote. Watafiti Ethan Bernstein na Stephen Turban walifuatilia makao makuu ya kampuni mbili zilizohamia ofisi wazi. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2018 yalionyesha mazungumzo ya ana kwa ana yalishuka kwa karibu asilimia 70, na ujumbe wa kielektroniki ukaongezeka. Mtu asiye na pa kujificha huvaa vipokea sauti na kuangalia chini.

Sauti ya kawaida ya kuongea ni kama desibeli 60 ukiwa mita 1, na mahali pasipo na vizuizi hupungua desibeli 6 kila umbali unapoongezeka mara mbili. Kwa mita 8 imeshuka 18 tu, na katika chumba kilichofungwa inapungua polepole zaidi ya hapo. Kwa hiyo meza ya karibu iwe mita 8 hadi 10 kutoka kwenye chai, na katikati muwe na ukuta, rafu za vitabu au chumba cha nakala. Dari ya juu ya chai iwe ya kunyonya sauti. Usielekeze mgongo wa mtu kwenye njia kuu. Anayehisi watu wakipita nyuma yake hugeuka kila dakika.

9. Kagua kabla na baada

Kabla ya kupitisha ramani, chagua watu sita wa kubuni: mfanyakazi wa kawaida, mgeni, fundi mwenye ngazi begani, mtu wa kiti cha magurudumu, mfanya usafi, msimamizi wa idara. Fuata siku ya kila mmoja kwa kalamu ya rangi tofauti. Rangi zisipokutana popote, jengo litawatenganisha. Zikikutana zote kwenye mlango mmoja wa sentimita 90, una tatizo la foleni.

Wiki ya sita hadi ya nane baada ya kuhamia, rudia hesabu za hatua ya 1 kwa fomu zilezile. Mapema zaidi watu bado wanazurura kwa udadisi. Tafuta hasa vitu vitatu: masanduku na mimea iliyosogezwa kwenye vidaka na njia za dharura, milango iliyowekewa kabari ili isijifunge, na njia za mkato kati ya meza. Kabari inakuambia mlango uko mahali pasipofaa au milango ya kadi ni mingi mno. Mlango wa moto uondolewe kabari siku hiyohiyo na uwekewe sumaku inayoachia king'ora kikilia. Njia ya mkato iliyokwisha kuchubua zulia usiizuie kwa chungu cha maua. Sogeza meza mbili, uihalalishe.